Umekabidhiwa WordPress, programu inayoendesha tovuti ya ofisi? Anzia hapa

Kabla hujagusa rangi wala themu (vazi la tovuti), jua kwanza nani anamiliki nini. Tovuti nyingi za ofisi hapa Dar, iwe ya shule kule Tegeta au ya kampuni ya utalii pale Posta, zilijengwa na fundi wa mkataba aliyekwishaondoka, na barua pepe ya admini, yaani msimamizi mkuu wa tovuti, bado ni ya kwake. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, plagini (programu ndogo ya nyongeza) ikiiangusha tovuti, WordPress hutuma kiungo cha kuingilia kwa dharura kwenye barua pepe hiyo. Kikienda kwa mtu asiyekuwepo, utahangaika bure. Kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa usimamizi, fungua "Settings", kisha "General", uweke anwani ya ofisi, si yako binafsi, maana na wewe ipo siku utaondoka. Halafu nenda kwenye barua pepe hiyo mpya ukabonyeze kiungo cha uthibitisho. Usipokibonyeza, anwani ya zamani inabaki palepale.

Ulizia pia kikoa, yaani anwani ya tovuti, cha .co.tz au .or.tz kimesajiliwa kwa jina la nani, na hosti, yaani kompyuta ya kukodi inayohifadhi tovuti, inalipiwa mwezi gani. WordPress ni programu huria na imekuwa bure tangu 2003, lakini kikoa na hosti vinalipiwa.

Kwenye ukurasa huohuo wa "General" kuna saa za eneo. WordPress mpya huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Usipochagua Dar es Salaam, tangazo ulilolipangia 08:00 litatoka saa tano asubuhi, wazazi wakiwa wameshafika getini. Na mfumo haujui saa zetu za Kiswahili: saa mbili asubuhi uiandike 08:00, saa mbili usiku uiandike 20:00. Ukiandika 02:00 umetangaza saa nane za usiku.

Ratiba ina mtego mwingine. Makala iliyopangiwa muda haitoki mpaka mtu afungue tovuti, kwa sababu ndipo WordPress hukagua kazi zilizofika wakati. Tovuti yenye wageni wachache huchelewa, au huandika kwamba ratiba imekosekana. Dawa yake ni kupanga kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) kwenye cPanel, paneli ya kusimamia hosti, iite faili la wp-cron.php kila baada ya dakika 15.

Habari ("Posts") na kurasa ("Pages") usizichanganye. "Kuhusu sisi", ada na mawasiliano ni kurasa, kwa sababu hazina tarehe. Mahafali, zabuni na matangazo ni habari. Kategoria tano au sita zinatosha ofisi ya kawaida, na ile ya mwanzo iitwayo "Uncategorized" ibadilishe jina siku ya kwanza, kwa kuwa kila habari usiyoipangia kategoria huangukia humo na neno hilo huonekana kwa wasomaji. Muundo wa viungo, chini ya "Permalinks", uamue mapema na usiuchezee tena. Ukibadilisha kiungo cha habari moja, WordPress hukumbuka kile cha zamani na kumpeleka msomaji kwenye kipya. Huruma hiyo haiendi kwenye kurasa. Ukurasa wa ada uliokwisha kusambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, ukiubadilishia kiungo, wengi wataishia kwenye 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupatikani.

Sasa picha, ambazo ndizo hujaza hosti. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye upana wa pikseli 4000 hivi, uzito wa MB 3 hadi 5. Ukiipakia ilivyo, WordPress hutengeneza nakala ya pikseli 150, 300, 768, 1024, 1536 na 2048, na kwa kuwa imevuka 2560 huongeza ya saba ya kipimo hicho. Ile ya asili nayo inabaki. Mafaili manane kwa picha moja, na themu yako inaweza kuongeza mengine. Picha 40 za mahafali zikipita hivyo, bando lako limeisha na bekapu imevimba. Zipunguze kwanza ziwe na upana wa pikseli 1200, JPEG ya ubora wa 75 hadi 80. Mara nyingi kila moja itashuka chini ya KB 250, na kwenye simu hakuna atakayeona tofauti. Jina la faili nalo libadilishe kabla ya kupakia: mahafali-2025-meza-kuu.jpg linasema kitu, IMG_4471.jpg halisemi.

Mazoea ya kubandika bango zima la tangazo kama picha yaacheni. Maandishi ya bango kubwa hayasomeki kwenye skrini ya simu, injini za utafutaji hazitegemei maneno yaliyochorwa, na namba ya simu iliyomo haibonyezeki. Tarehe, mahali na namba ziandike kama maandishi ya kawaida. Bango liwe pambo tu.

Ukifuta picha kwenye maktaba, haiendi kapuni. Imekwenda, na kila habari iliyoitumia inabaki na pengo. Makala zenyewe hukaa kapuni siku 30.

Kwenye watumiaji, kosa ni lilelile kila ofisi. Mtu wa kujitolea anapewa ngazi ya "Contributor", anagundua hawezi kupakia picha, analalamika, anapandishwa moja kwa moja kuwa admini. Ngazi aliyoihitaji ni "Author": anapakia, anachapisha na kuhariri vya kwake tu. Admini wawili wanatosha. Mtumiaji akiondoka na ukaifuta akaunti yake, mfumo utakuuliza kama kazi zake zifutwe au zihamishiwe kwa mwingine. Chagua kuhamishia, ukisoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Ukikosea, makala utaziokoa kapuni, lakini picha zote alizopakia zimepotea.

Bekapu ni vitu viwili: hifadhidata, yenye maandishi na mipangilio, na folda ya wp-content, yenye picha, themu na plagini. Faili la XML linalotoka kwenye "Tools" wengi hulihesabu kuwa bekapu. Ndani yake mna maandishi na anwani za picha, picha zenyewe hamna. Nakala kamili ikae nje ya hosti.

Ukishaishika bekapu ndipo usasishe, plagini moja moja, ukifungua tovuti baada ya kila moja. Ukizisasisha kumi kwa mkupuo na tovuti ikaanguka, hutajua mkorofi ni ipi. Skrini ikiwa nyeupe, ingia kwenye meneja wa mafaili wa cPanel, fungua wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya plagini uliyoigusa mwisho. WordPress ikikosa folda hiyo huizima plagini, na dashibodi hufunguka. Mtandao ukikatika katikati ya kusasisha, tovuti inaweza kukwama kwenye ujumbe wa matengenezo. Ujumbe huo unatokana na faili liitwalo .maintenance, kwenye folda kuu. Baada ya dakika 10 WordPress hulipuuza yenyewe. Kama huwezi kungoja, washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kwani linaanza na nukta, lifute, kisha uianze upya ile plagini iliyokatizwa.