Maswali ya Wasomaji: Simujanja ya Bei Nafuu Itakayovuka Mwaka wa Pili

Katika toleo hili tunajibu wasomaji wanaotafuta simujanja ya matumizi ya kila siku bila kuvunja kibubu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Simu yangu ina miaka mitatu. Nikifungua WhatsApp hukaa kimya kana kwamba imezimika, na kila mara huniambia kuwa nafasi imejaa, ingawa nimefuta karibu picha zote. Nataka simu mpya ya bei ya wastani kwa ajili ya kupiga na kupokea, kutuma ujumbe, kufanya malipo, kusoma nyaraka na kupiga picha kazi za wanafunzi. Muuzaji mmoja ananisifia simu yenye kamera nne, mwingine yenye RAM ya GB 16. Nianze kutazama nini?

JIBU: Mwalimu, dalili zote ulizozitaja zinaelekeza mahali pamoja, napo si kwenye kamera. Simu yako imejaa. Ili tuelewane, chukulia RAM kuwa ni ubao wa darasani, unaoandikwa na kufutwa kutwa nzima na ambao hubaki mtupu simu inapozimwa. Hifadhi nayo ni kabati la madaftari, ambamo kinachoingia hukaa mpaka mtu akitoe. Simu inayouzwa kuwa ina hifadhi ya GB 64 haikupi kabati tupu. Mfumo wa Android wenyewe, pamoja na programu ambazo mtengenezaji amezipakia bila kukuuliza, aghalabu hula GB 15 au zaidi kabla hujapiga picha ya kwanza. Kisha huja kundi la walimu, kundi la wazazi, la ukoo na la kamati ya harusi, kila moja likimwaga video na sauti zake. Ukifuta picha kwenye albamu, nyaraka na ujumbe wa sauti wa makundi hayo hubaki palepale, na picha zenyewe katika simu nyingi huhamia kwenye pipa la taka la albamu, ambako hukaa siku 30 hivi zikiendelea kukalia nafasi ileile. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata senti, fungua pipa hilo ulisafishe, kisha uingie katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, uone ni kundi lipi linalokula zaidi. Huenda ukaongeza miezi kadhaa.

Ikiwa baada ya hapo bado unahitaji simu mpya, usikubali hifadhi iliyo chini ya GB 128, wala usidanganyike kwamba kadi ya kumbukumbu itaziba pengo, kwa kuwa programu nyingi hukaa ndani ya simu yenyewe. Kadi inafaa kwa picha na nyaraka. Tazama pia kitundu cha laini, kwa sababu katika baadhi ya simu kadi hiyo hukaa mahali pa laini ya pili, nawe utalazimika kuchagua mojawapo.

Sasa tuje kwenye hiyo RAM ya 16. Mwulize muuzaji swali moja tu: kati ya hizo 16, ngapi ni za kweli? Mara nyingi jibu litakuwa nane, na nyingine nane ni sehemu ya hifadhi iliyotengwa ili isaidie RAM inapozidiwa. Yaani wameazima rafu ya kabati wakaiita ubao. Rafu hiyo ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM halisi, na kila GB iliyoazimwa imepungua kwenye kabati lako. Kwa kazi ulizozitaja, RAM halisi ya GB 6 inakutosha, na hata 4 zingekubeba ukiwa mvumilivu.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni aina ya hifadhi. Simu mbili zinaweza zote kuandikwa GB 128, moja ikiwa na hifadhi ya eMMC na nyingine ya UFS. Ya kwanza husoma au kuandika kwa zamu. Ya pili hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, tena kwa kasi zaidi. Ile hali ya simu kuganda wakati programu zinajisasisha nyuma ya pazia, wewe ukiwa unataka kupiga picha tu, hutokea zaidi kwenye eMMC. Taarifa hiyo haiko juu ya boksi, bali katika orodha ya sifa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mimi ningelipa nyongeza kwa ajili ya UFS kabla ya kulipa kwa ajili ya kamera ya pili.

Baada ya hifadhi, uliza masasisho ya usalama yatakoma lini. Hili ndilo linaloamua umri wa simu, kwa sababu programu za malipo na za mawasiliano huacha kufanya kazi kwenye mifumo iliyopitwa na wakati. Mwezi Oktoba 2023, kwa mfano, WhatsApp iliacha kuhudumia matoleo ya Android yaliyo chini ya 5.0, na simu zilizokuwa nzima kabisa zikapoteza kazi yake kubwa. Ahadi za watengenezaji zinatofautiana sana. Zipo simu za bei ya chini zinazoahidiwa miaka miwili, wakati Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwaka 2024 na isiyo ya daraja la juu hata kidogo, iliahidiwa miaka sita. Angalizo ni kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, si tangu ulipoinunua wewe, hivyo simu iliyokaa miaka miwili kwenye kabati la vioo imekwisha kula miaka miwili ya ahadi yako.

Kuhusu betri, mAh 5000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri) ndicho kiwango cha kawaida siku hizi, na kwa matumizi yako simu itafika jioni bila kutafuta chaja. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka betri ya simu mpya inayoingizwa katika soko lake ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Kipimo hicho kinamfaa mnunuzi popote alipo, kwa hiyo mwombe muuzaji akutafutie idadi ya mizunguko katika maelezo ya modeli unayoitaka. Betri hizi huuawa na joto kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo simu inayochajiwa chini ya mto huzeeka kabla ya wakati wake hata kama ilikuwa bora.

Kamera nne zitakusaidia kidogo sana. Katika simu za bei nafuu, kwa kawaida moja ndiyo kamera, na zilizobaki ni vijicho vya megapikseli 2, kimoja cha kupimia kina na kingine cha kupigia vitu vya karibu sana. Unachohitaji ni kamera moja inayolenga upesi. Nenda dukani na daftari la mwanafunzi mwenye mwandiko mdogo, piga picha ukurasa mmoja ukiwa umesimama mbali na mlango, kisha uikuze picha mpaka neno moja lijaze kioo. Ukiona kingo za herufi zimechorwa kama kwa kidole kilicholowa, irudishe simu kabatini hata kama ina kamera saba. Halafu toka nayo nje juani na ujaribu kusoma ujumbe, maana kuna vioo ving'aavyo vizuri chini ya taa za duka ambavyo mchana hugeuka kuwa vya kujitazamia.

SWALI: Kaka yangu anasema kwamba, kwa bei ya simu mpya ya kawaida, nichukue simu ya daraja la juu iliyotumika miaka minne, kwa sababu "chuma cha zamani ni chuma". Je, ana haki?

JIBU: Kaka yako ana haki nusu. Simu ya daraja la juu ya miaka minne iliyopita mara nyingi bado ina prosesa (ubongo wa simu), kioo na kamera vinavyoishinda simu mpya ya bei ya chini, na hifadhi yake karibu daima ni UFS. Lakini kumbuka tuliyomwambia mwalimu kuhusu masasisho. Ikiwa yamebaki ya mwaka mmoja, unanunua mwaka mmoja. Ukikuta modeli iliyobakiwa na miaka miwili au zaidi, basi kazi inayobaki ni kuikagua simu yenyewe, na ukaguzi huo ufanyike mkononi mwako, si kwa picha ulizotumiwa.

Anza kwa kubonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15, au namba mbili kama simu ni ya laini mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi na kwenye mipangilio ya simu. Zikitofautiana, mazungumzo yaishie hapo. Kisha mwombe mwenye simu aondoe akaunti yake na kuirudisha simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani, mbele ya macho yako, na usilipe mpaka iwake upya na kukukaribisha kama mgeni. Ikidai akaunti au nenosiri la mmiliki wa awali, simu hiyo imefungwa. Kufuli hilo limekuwemo kwenye iPhone tangu iOS 7 ya mwaka 2013 na kwenye Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na lipo kwa ajili ya simu zilizoibwa, hivyo anayekuambia kuwa "fundi atalitoa kwa dakika tano" anakueleza zaidi ya anavyodhani.

Baada ya hapo fungua picha nyeupe tupu, upandishe mwanga hadi mwisho, na utazame kama kuna vivuli vya kibodi au vya alama za juu vilivyoganda kwenye kioo, kwani vioo vya aina ya OLED huchomeka namna hiyo. Pitisha kidole ukingoni kuona kama mgongo wa simu umeinuka, dalili ya betri iliyovimba. Kwenye iPhone, hali ya betri imeandikwa katika mipangilio. Ikiwa chini ya asilimia 80, ingiza gharama ya betri mpya katika mapatano ya bei. Na simu iliyowahi kufunguliwa na fundi usiihesabu tena kuwa haiingii maji, hata kama boksi linasema IP68, yaani alama ya kustahimili maji na vumbi.

Jaribio la mwisho nimelijifunza kwa hasara. Niliwahi kununua simu iliyotumika baada ya kuikagua kioo, kamera na spika, nikaondoka nimeridhika. Siku ya pili watu wakaanza kulalamika kwamba nikizungumza nao sauti hukatika. Kihisi cha juu ya kioo, kile kinachozima mwanga simu ikiwa sikioni, kilikuwa kimekufa. Kioo kilibaki kikiwaka na shavu langu likawa linabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Kwa hiyo mpigie mtu ukiwa hapohapo, funika sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja, na uhakikishe kioo kinazimika na kuwaka tena unapoondoa mkono.

SWALI: Simu moja imeandikwa megapikseli 50 lakini picha zake zinatoka na megapikseli 12 na kidogo. Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa. Kamera hizo huunganisha nukta nne kuwa moja ili ipokee mwanga mwingi zaidi, na 50 ukigawa kwa nne unapata 12.5. Ipo namna ya kuilazimisha itoe zote 50, lakini picha zitakuwa nzito na usiku zitakuwa mbaya zaidi.

SWALI: Je, nilipie nyongeza ili nipate 5G?

JIBU: Ikiwa mtandao wako wa 5G unafika unapoishi na unapofanya kazi, na nyongeza ni ndogo, lipa. La sivyo, 4G inatosha kwa video, ramani na mikutano. Ningependa ushughulike zaidi na VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu za kawaida kupitia 4G. Mitandao ya zamani inazimwa katika nchi mbalimbali. Huko Marekani kampuni kubwa za simu zilizima 3G mwaka 2022, na simu zisizo na VoLTE zikabaki na intaneti bila uwezo wa kupiga. Ukinunua simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine, weka laini yako, zima Wi-Fi, piga simu, na utazame juu ya kioo wakati wa mazungumzo. Ikishuka kutoka 4G hadi 3G au 2G, mtandao wako haujaikubali simu hiyo kwa VoLTE.

SWALI: Mama yangu ana miaka 70 na ametumia simu ya vitufe maisha yake yote. Sasa anataka kuwaona wajukuu kwa video. Nimpe simu yangu ya zamani?

JIBU: Mpe, ikiwa bado inapokea masasisho ya usalama, kwa sababu wazee huwindwa sana na matapeli wa viungo vya ujumbe, na simu iliyoachwa bila ulinzi inawarahisishia kazi. Kama haipokei tena, mnunulie ya bei ya chini yenye kioo kikubwa na spika ya sauti ya juu, na usihangaike na prosesa. Kuza maandishi kwenye mipangilio, ondoa programu zote asizozihitaji, na ukurasa wa kwanza ubaki na picha za watu watatu au wanne ambazo akigusa moja simu inapiga. Washa kufungua kwa alama ya kidole, lakini kidole kimoja ukisajili zaidi ya mara moja, kwa kuwa ngozi ya uzeeni na ya mikono iliyofanya kazi husomeka kwa shida. Ile simu yake ya vitufe usimnyang'anye. Aendelee nayo kwa mwezi mmoja au miwili, na kila unapompigia kwa video, mwache apokee mwenyewe, hata ikikatika mara tatu.