Wanaouza vyote na wasiouza chochote

Wadogo zangu mnaoanza kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, hapa Bukavu, maswali yaliyonitesa kuliko yote ni yale ya kupima kama taarifa zinatosha. Swali linauliza kama jibu linaweza kupatikana, mimi nahangaika na jibu lenyewe, na saa haingoji: sehemu yake nzima ni maswali 20 kwa dakika 45.

Chukua hili. Soko la Kadutu, tuseme akina mama 80. Wanaouza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, ni 50. Wangapi wanauza sambaza na unga wa muhogo pia? Kauli ya kwanza: wanaouza unga ni 30. Kauli ya pili: wasiouza sambaza wala unga ni 12.

Mwanzoni nilikuwa najumlisha: 50 na 30 ni 80, basi hakuna anayeuza vyote, kauli ya kwanza inatosha. Kumbe nimewasahau mama wa makala na mama wa nyanya! Nao ni watu wa soko.

Miduara miwili inayopishana, ya kuchora makundi haya, inawaficha hao, ndiyo maana niliiacha nikahamia kwenye jedwali la vyumba vinne: vyote, sambaza tu, unga tu, si kimoja. Kabla ya kugusa kauli yoyote, jaza unachokijua: sambaza 50, kwa hiyo wasiouza sambaza 30. Sasa kauli ya kwanza. Wanaouza vyote waite x. Unga tu ni 30 − x, na wasiouza chochote wanabaki x vilevile. Yaweza kuwa 0, yaweza kuwa 12. Haitoshi. Kauli ya pili peke yake inakupa unga tu, 18, ila upande wa sambaza hausemi kitu. Ziunganishe: x ni 12. Jibu ni C, yaani kauli zote mbili pamoja zinatosha lakini hakuna inayotosha peke yake, na kikokotoo hukukihitaji.

Ingekuwa kauli ya pili inasema "wasiouza sambaza ni 30"? Inaonekana mpya, lakini jedwali lilishaijua. Hapo jibu ni E, yaani hata zikiunganishwa hazitoshi. Mtego huu naupenda, siwafichi.

Asilimia nazo: asilimia 40 ya wauza sambaza si asilimia 40 ya soko. Soma ni "ya nani".

Na ukifika kauli ya pili, ile 30 ya kauli ya kwanza ifute. Mimi nachora majedwali mawili, kila kauli na lake, la sivyo ile 30 inanifuata.