Mtoto mchanga akitoa povu, msimnyonyeshe kwanza

Mama, Igoma: Mdogo wangu kajifungua jana. Mtoto anatoka povu mdomoni, ukifuta linarudi. Akinyonya anapaliwa, midomo inakuwa ya bluu. Wanasema kameza maji ya uzazi.

Dada, acheni kumnyonyesha sasa hivi, mpelekeni hospitali. Povu linalorudi kila ukifuta ni mate yaliyokosa pa kupita. Huenda umio wake, njia ya chakula, umezibia kifuani kama ncha ya soksi. Mara nyingi kipande cha chini huwa kimeungana na bomba la hewa, basi tindikali ya tumbo inapanda mapafuni. Muuguzi atapitisha mpira mwembamba mdomoni. Ukigoma kwenye sentimita 10 hivi, eksirei itaonyesha umejikunja hapo hapo. Njiani mbebeni kichwa kikiwa juu, mfutieni mate, mfunikeni, na asionje hata maji ya sukari. Mama aendelee kukamua, maziwa yatahitajika. Mtoto huyu anatibika: umio uliunganishwa moja kwa moja kwa mafanikio mara ya kwanza Marekani mwaka 1941.

Muuguzi wa zahanati, Ukerewe: Kuna dalili kabla hajazaliwa?

Ipo: maji ya uzazi kuzidi kiasi. Mtoto tumboni huyameza; akishindwa, yanajaa. Si kila maji mengi yana maana hiyo, lakini mama huyo avuke mapema akajifungulie hospitali kubwa kama Bugando, uchungu usimkute anasubiri kivuko Nansio. Mtoto akizaliwa, kagua pia njia ya haja kubwa na usikilize moyo. Kasoro hizi hufuatana.

Bibi, Sengerema: Mjukuu wangu wa wiki 3 anakoroma akivuta hewa, hasa akilala chali. Fundi anataka kumkata kimeo.

Shikamoo bibi. Nakusihi, asikatwe! Kimeo si ugonjwa, kila mtu anacho, na kidonda chake kinaweza kuvuja damu mpaka mtoto akafa. Mlio huo mara nyingi ni gegedu laini za koo, ambazo hukomaa na mlio ukaisha kabla ya miaka 2. Hata hivyo aonwe na daktari. Akibonyea mbavuni au akishindwa kunyonya, msingoje kesho.

Baba, Kirumba: Wangu akitulia anakuwa wa bluu, akilia rangi inarudi.

Mtoto mchanga hupumua kwa pua. Pua zikiwa zimeziba kwa nyuma, hupata hewa pale tu anapofungua mdomo kulia. Nendeni usiku huu huu, na asilazimishwe kunyonya wala kunyamaza.