Jibu: Dickens yuko upande gani kwenye A Tale of Two Cities?

Habari ndugu. Umekwama kwenye kama Dickens anaunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa au anayapinga, na aya zako za dhamira zinapingana. Usichague upande, maana riwaya yenyewe (1859) inashika yote mawili.

Kabla ya yote, rudia sura ya 10 ya sehemu ya tatu, barua ya Daktari Manette, daktari Mfaransa aliyefungwa bila hatia. Aliiandika gerezani Bastille na kuificha ndani ya dohani, akiwalaani akina Evrémonde, ukoo wa makabaila, na kizazi chao chote. Ana haki ya kulia: mmoja wa ndugu wawili wa ukoo ule alimnajisi mwanamke kijana wa kijijini kwa msaada wa mwenzake, kaka wa mwanamke huyo akauawa, na daktari akafungwa miaka 18 kwa kutaka kusema. Lakini barua ileile ndiyo inayomhukumu kifo Darnay, mzaliwa wa ukoo huo na mkwe wake mwenyewe, ambaye hakumgusa mtu. Kwangu mimi, uzito wote wa kitabu uko hapo.

Madame Defarge je, yule mwanamapinduzi anayetaka Darnay afe? Mwanamke yule aliyenajisiwa alikuwa dada yake. Ukilisahau hilo utamwandika kama jini tu, na utakuwa umemwonea.

Kuhusu Carton, anayekufa badala ya Darnay, wengi huandika "kujitoa mhanga" wakaishia hapo. Msome akiwa na yule binti mshonaji, maskini na yatima, anayeamini Jamhuri itawafaa maskini wenzake huku akipelekwa kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa, bila kosa. Anaomba kumshika Carton mkono. Nukuu mazungumzo yao moja kwa moja, usiyafupishe.