Nagona iwe ya mwisho, nakuomba

Mleta uzi, uliyeleta orodha ya vitabu mtakavyosoma na wanakwaya wenzako, futa hiyo namba moja, Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Futa kabla hujaituma orodha kwenye kundi la kwaya yenu, kabla hujamwagiza mtu dukani, kabla hamjachangishana hata shilingi mia. Nimeisoma jana usiku usingizi ukaniruka: Nagona, kisha Kusadikika, kisha Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Peponi, kisha "diwani yoyote nzuri". Mko kumi na wawili, wengi wenu kwa maneno yako mwenyewe hamjashika kitabu cha hadithi tangu mtoke shule, na mnaanza na Nagona kwa sababu ni nyembamba na mwandishi wake ni gwiji. Naona wachangiaji wa juu wamekupongeza. Mimi sikupongezi, dada yangu. Njia hiyo naijua mpaka mashimo yake.

Wembamba wake ndio mtego. Haifiki hata kurasa mia. Unaishika mkononi unajisemea hii naimaliza kwenye foleni ya Ubungo. Foleni itaisha, wiki itaisha, wewe bado uko kurasa za mwanzo unajiuliza huyu anayesimulia ni nani, yuko wapi, na anatafuta nini.

Ofisini kwetu tulianzisha kikundi kama hicho chenu. Walikuwapo dada wa mapokezi, karani wa masjala, mhasibu, walinzi na dereva wetu, mtu mzima tuliyemwita Mzee tu. Mimi nilikuwa mwenyekiti, cheo nilichojipa mwenyewe kwa kuwa kabati lenye kufuli lilikuwa kwangu. Tukachanga. Pesa ikatimia ya kumnunulia kila mtu nakala yake. Hapo ndipo nilipojitia ujuaji nikasema tusinunue ovyo, tumwulize mtaalamu.

Mtaalamu! Bwana mmoja, jina simtaji, alikuwa akijiita mhakiki. Nikamwambia nafikiria Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, au riwaya moja ya mpelelezi Willy Gamba ya Elvis Musiba. Akacheka kile kicheko cha puani. Rosa Mistika, akasema, ni ya watoto wa kidato cha nne. Musiba ni wa kusomwa kituo cha mabasi. Kikundi makini huanzia kileleni, na kilele cha Kezilahabi ni Nagona. Nikamwitikia, ndiyo mwalimu, kweli mwalimu. Hata Kilimanjaro watu huanzia Marangu, lakini siku hiyo akili niliiacha nyumbani. Nikaenda nikanunua Nagona kwa hela za watu, nikarudi nazo kwenye boksi nimevimba kichwa kama niliyeleta kombe.

Siku ya kikao tulikaa chumba cha mikutano baada ya kazi, chai ya maziwa na sambusa mezani. Kimya. Mimi mwenyekiti nimeshaisoma mara mbili na sina la kusema, kwa hiyo nikafanya wanachofanya wenyeviti wote: nikauliza nani angependa kuanza. Mhasibu akasema nakala yake ina kurasa zilizoruka, na ameitunza risiti ili arudishiwe pesa. Nikaikagua ukurasa kwa ukurasa. Haikuruka hata mmoja. Mlinzi akauliza kama kuna sehemu ya pili inayoeleza ya kwanza. Nikamjibu kwa furaha ipo, inaitwa Mzingile. (Usimwambie mtu hivyo. Mzingile ilitoka 1991, mwaka mmoja baada ya Nagona, na anayetegemea itamfungulia Nagona atakuwa na vitabu viwili asivyovielewa badala ya kimoja.)

Halafu Mzee dereva. Alikuja na daftari jipya na kalamu, kwa sababu niliwaambia waandike maneno magumu tutayajadili. Akalifungua mbele yetu. Tupu. Akasema, "Maneno nayajua yote, mwanangu. Ila sijui yanasema nini."

Hakuna mhakiki aliyewahi kuieleza Nagona vizuri kuliko hivyo, na nimewasoma kadhaa. Kiswahili chake hakina ugumu wowote, sentensi fupi, maneno ya kila siku. Ugumu ni kwamba msingi wa hadithi tuliyoizoea umeng'olewa: mji hauujui, msimulizi hana jina, wakati haufuatani, wanafalsafa wa Ulaya akina Nietzsche wanachomoza humo wakiwa wahusika, na kinachotafutwa hata kikipatikana huna hakika kama kimepatikana. Kezilahabi alifanya hivyo makusudi baada ya karibu miaka ishirini ya kuandika hadithi zenye kichwa na miguu. Asiyezisoma hizo anasikiliza jibu la swali ambalo hakulisikia likiulizwa.

Kikao cha pili nikamwalika yule bwana mhakiki aje kutuokoa. Akaongea lisaa lizima. Udhanaishi, usasabaadaye, sijui mkengeuko wa nini. Kitabu kilikuwa mezani mbele yake, hakukifungua hata mara moja. Akala sambusa, tena za upande wa nyama, akaomba nauli. Tukampa kutoka kwenye mfuko wa kikundi. Mpaka leo kinachoniuma si ile nauli, ni kwamba nilimshukuru na kumsindikiza getini.

Kikao cha tatu tulikuwa mimi na dada wa mapokezi, naye alikuwa anasubiri mvua ipungue. Kikundi kikafa hivyo. Lakini hasara yangu ni Mzee. Yule ni mtu aliyekuwa akitusimulia safari za Makambako hadi Songea enzi za vumbi, chai inapoa vikombeni hakuna anayeinuka. Msimulizi wa kuzaliwa. Nilipompelekea kitabu cha Musiba baadaye, kumbembeleza, akanishukuru kwa adabu zote akasema, "Haya ni mambo yenu mliosoma." Kitabu akampa mwanawe. Mtu aliyenunua daftari jipya kwa ajili ya kusoma, nikamtoa kwenye kusoma kwa boksi moja la vitabu. Mnacheka sambusa, hilo hamlicheki.

Mimi mwenyewe kiburi kikanipeleka pabaya. Nikasusa riwaya za Kiswahili miaka, nikahamia vile vitabu vya kutajirika vinavyotandazwa chini pale Posta. Vyote vinasema amka saa kumi na moja alfajiri. Nikaamka. Utajiri haujafika, ila wauza vitumbua wote wa mtaani nawajua kwa majina. Nilikuja kurudi kwa bahati tu, kwa shemeji yangu, nilipokuta Rosa Mistika isiyo na jalada juu ya friji. Nikaanza kuisoma mchana, kufika lile kofi na ile fimbo ya Zakaria, baba yake Rosa, kwa sababu ya barua ya mvulana nikawa siitiki nikiitwa kula.

Basi kanuni yangu ni moja, na nitaipigia kelele mpaka mniondoe humu: mwandishi asomwe kwa mfuatano alioandika yeye. Kwa Kezilahabi hilo si la hiari. Rosa Mistika, 1971, Ukerewe, baba mlevi na mkali, binti anayefungiwa mpaka siku akifunguliwa hajui pa kusimama. Ilipigwa marufuku mashuleni enzi hizo, baadaye ikaja kufundishwa humohumo. Kisha Kichwamaji, 1974: Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anasubiri zamu ofisini kwa Mkuu wa Wilaya ambaye ni rafiki yake wa utotoni. Hapo swali la Rosa limehama. Si tena nani kaniharibia maisha, ni maisha yenyewe yana faida gani. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo nisiyompa mtu aliye kwenye kipindi kigumu, sitanii. Mwaka uliofuata Dunia Uwanja wa Fujo, ambayo naiona ina haraka mwishoni. Gamba la Nyoka, 1979, vijiji vya Ujamaa na wasomi wanaotumwa kuvibadili. Watu huiruka kwa kudhani ni siasa kavu, wanakosa kicheko kingi. Ukifika hapo umeona mtu akijaribu dini, elimu, mapenzi na siasa, mlango mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukimfungia. Halafu ndiyo ufungue Nagona. Niliifungua tena baada ya hizo zote. Siwezi kusema niliielewa yote, lakini safari hii ilinitisha, mara ya kwanza ilikuwa imenichosha tu.

Na kwa kuwa nyie ni wanakwaya, waonye wenzako mapema: jina la Rosa Mistika limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, yaliyomo hayajatoka huko. Asije mama mmoja akaibeba kwenye novena.

Kanuni hiyohiyo kwa Said Ahmed Mohamed. Anza na Utengano ya 1980, Maimuna na baba yake Bwana Maksuudi, mheshimiwa wa nje na dubwana la ndani. Babu Alipofufuka ya 2001 iacheni kwanza. Ni tamu, ila mfu anayerudi kumtembeza mjukuu wake kwenye maovu yake anataka msomaji aliyeshajua huyu mwandishi alikuwa akikasirikia nini tangu zamani. Adam Shafi ananiharibia kanuni, nakiri. Vuta N'kuvute ya 1999 unaweza kuanza nayo bila kujua lolote, Yasmin anamkimbia mume mzee Bwana Raza na wewe uko nyuma yake unakimbia. Tumsamehe huyo mmoja. Ila Haini, ya jela za Unguja baada ya kuuawa Karume 1972, isome baadaye, na ukijua kwamba mwandishi naye alionja kifungo hicho.

Kwenye orodha yako sasa. Kusadikika, 1951, usiipeleke kimyakimya. Ni kesi mahakamani, Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje wakarudi na mazuri wakalipwa adhabu. Ukiisoma peke yako kitandani utaona mambo yanajirudia. Mkisomeana kwa sauti, mjumbe mmoja kila kikao, na nyie sauti mnazo, mtaona Shaaban Robert alivyomsema mkoloni usoni akijifanya anasimulia nchi iliyo angani. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, huyo mpandisheni awe wa kwanza kama Rosa anawatia hofu. Kesi yenyewe si ngumu, raha iko kwenye mazungumzo, Kiunguja cha watu wasio na haraka. Musiba kinyume chake: haraka tupu, risasi, hoteli, wanawake wasiobaki akilini hata kidogo. Namsoma kwa furaha na sioni haya tena.

Peponi ndiyo niliyoimaliza karibuni. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, baada ya Nobeli ya 2021. Niliwahi kuisoma Kiingereza nikaiheshimu. Kwa Kiswahili nilimwonea uchungu Yusuf, mtoto anayepelekwa kwa mfanyabiashara kulipia deni la baba yake huku akiambiwa yule ni mjomba. Nadhani ni kwa sababu watu wale sasa wanaongea lugha waliyokuwa wakiongea tangu mwanzo. Msafara wa kwenda bara ni mrefu na mtu asiyezoea atasinzia kidogo. Wekeni ya nne, ya tano.

Ushairi: msichukue "diwani yoyote". Kichomi ya Kezilahabi, 1974, baada ya Kichwamaji, ndipo mtaelewa kwa nini washairi wa vina na mizani walimkasirikia vile kwa mashairi yake huru. Unaona? Kanuni haiachi.

Uliuliza pia mengine. Bei, sijui kusoma kwenye simu, sijui vitabu vingapi kwa mwezi, na binti yako wa miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimeyaandika pembeni nikayapoteza nilipoanza kumkumbuka yule bwana wa sambusa. Wengine watakujibu. Ila kwenye hilo la "tumepata mtaalamu atakayetuongoza kikao cha kwanza", mwulize kitu kimoja tu kabla hujamtumia nauli: akufungulie Nagona ukurasa anaoupenda, akusomee kwa sauti. Akianza kutafuta miwani, ahirisha.

Nakala zangu za Nagona bado ziko kabatini, safi kabisa, nyingine hazijapinduliwa hata ukurasa. Nitawapa bure kwaya nzima. Nitumie kwanza picha ya nakala yenu ya Gamba la Nyoka ikiwa imechakaa pembe kwa kusomwa.