Ikilia "pufu", usipige ya pili

Mkuu, weka hiyo bastola chini kwanza.

Umeuliza mambo matatu: kwa nini bastola yako ya milimita 9 inakwama-kwama na risasi za kiwandani, kama risasi za kujaza mwenyewe zinaaminika zaidi, na ununue mashine gani ya kujazia. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba wiki iliyopita ulipiga risasi alizojaza rafiki yako, moja ikalia "pufu" badala ya kishindo, ukavuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na kuingiza risasi mpya) ukaendelea. Na huyo aliyekujibu wa kwanza anakusifu kwamba ndivyo inavyotakiwa, ikigoma gonga magazini, vuta, piga.

Hapana. Hapana kabisa. Nimesikia ushauri huo huo kwa masikio yangu, dakika moja kabla sijaharibu revolva, bastola ya silinda inayozunguka, niliyoipenda kuliko silaha yoyote niliyowahi kushika.

Ilikuwa ya risasi za .38 Special, mtutu wa inchi 6. Nilikuwa nimeanza kujaza risasi mwenyewe miezi michache nyuma. Aliyeniuzia mashine aliniambia hii haikosei, wewe vuta mpini tu. Neno hilo mpaka leo linanichoma, kwa sababu yeye alijua, na mimi sikujua, kwamba sahani ya mashine ile inayobeba maganda inazungushwa kwa mkono. Ukivuta mpini, ganda moja linapata baruti. Kisha unaizungusha sahani hatua moja, unavuta tena. Ukisahau kuzungusha, ganda lile lile linapata baruti mara mbili. Ukizungusha mara mbili, ganda moja linapita bila hata chembe. Mtu akikuuzia kitu cha namna hiyo akanyamaza hapo, hajakuuzia mashine, amekuuzia balaa.

Usiku mmoja nilikuwa najaza huku nazungumza na mtu mlangoni. Naikumbuka hata fataki (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) iliyokaa upande, nikasimama kuitoa, nikarudi kwenye mpini. Sikumbuki kama nilikuwa nimezungusha. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Sasa sikiliza kuhusu ganda la .38 Special. Ni la mwisho wa karne ya 19, lilipotengenezwa lilikuwa la baruti nyeusi, ambayo inataka nafasi kubwa. Baruti ya leo isiyo na moshi, hasa ile ya kasi tunayotumia kwa risasi nyepesi za shabaha, inakaa chini kabisa ya ganda kama chumvi kwenye kona ya chungu. Kipimo mara mbili kinaingia, hakimwagiki, na kichwa cha risasi kinakaa juu yake vizuri tu. Bila baruti kabisa, napo kichwa kinakaa vizuri tu. Kwa nje risasi zote tatu zinafanana kama mapacha.

Usije ukadhani mizani itakuokoa baadaye. Nilijaribu. Kichwa changu kilikuwa cha greini 158, yaani gramu 10 na kidogo. Baruti ni greini chache tu. Maganda yanapishana uzito, vichwa vinapishana, na tofauti hizo zikijumlishwa zinaweza kumeza uzito wote wa baruti. Unapima risasi iliyokamilika, mizani inakupa namba, na namba hiyo haikuambii kitu.

Twende kiwanjani. Duru ya kwanza vishindo vya kawaida. Duru ya pili, risasi ya tatu: "pufu". Sauti kama ya mtu aliyefungua chupa chumba cha jirani. Mkono haukurushwa. Karatasi ya shabaha haikuongezeka tundu. Nilisita, naapa nilisita. Nikaishusha silaha kidogo. Mzee mmoja kushoto kwangu, mwenye fulana imejaa beji za mashindano, akasema, "Fataki mbovu hiyo, piga nyingine." Nikamwamini, kwa sababu ya beji.

Kilichotokea ni hiki. Fataki peke yake, bila baruti, ina nguvu ya kung'oa kichwa kwenye ganda na kukisukuma sentimita chache ndani ya mtutu. Kinafika kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, kinabana, kinasimama. Mtutu umezibwa. Kwenye revolva hakuna hata kitu cha kukuonya, kwa sababu silinda inazunguka ikikupa risasi nzima inayofuata, mradi tu kichwa kimeshaivuka silinda. Kikikwama katikati ya silinda na mtutu, silinda haizunguki na umeokoka. Changu kiliivuka.

Risasi iliyofuata ile "pufu" ilikuwa nzima. Nilisikia kishindo chenye mlio wa chuma ndani yake, na kiganja kikafa ganzi. Nilipopitisha kidole gumba juu ya mtutu nikakuta pete, uvimbe unaozunguka chuma kizima, bado una moto. Fundi wa silaha alipoukata kwa urefu nilikuwepo. Vichwa viwili vilikuwa humo, cha nyuma kimejikita kwenye kitako cha cha mbele mpaka vimekuwa kitu kimoja, na chini ya ule uvimbe kuna ufa mwembamba kama unywele.

Kilichoninyima usingizi si mtutu. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mdogo wangu. Nilipofika nyumbani nilivunja risasi zote zilizobaki za usiku ule, 214, moja moja kwa nyundo ya kutolea vichwa. Moja haikuwa na baruti. Na moja ilikuwa na kipimo mara mbili. Ile ndiyo ingeingia kwenye mkono wake.

Wewe unatumia bastola ya magazini, na hapo ushauri wa "gonga, vuta, piga" ni mbaya zaidi. Bila baruti slaidi hairudi nyuma, ganda tupu linabaki kwenye chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu. Kitu pekee kilichobaki cha kukuzuia kupiga ya pili ni hilo ganda, na wewe kwa mkono wako unalitoa na kuingiza risasi nzima. Na .38 Special ya kawaida kikomo chake cha shinikizo kwa viwango vya Marekani ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17,000. 9 mm yako ni psi 35,000. Fikiria kiasi hicho nyuma ya mtutu uliozibwa, sentimita chache kutoka usoni.

Hayo mazoezi ya gonga-vuta yana mahali pake. Ni ya pini iliyopiga ikatoa "kach" halafu kimya, au risasi ambayo haikupanda. Na hata "kach" kiwanjani hakuna haraka: elekeza mdomo wa mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, kwa sababu kuna fataki zinazochelewa kuwasha baruti. Lakini "pufu" si "kach". "Pufu" maana yake kitu kimetoka kwenye ganda, na hujui kimeishia wapi. Kishindo kikiwa kidogo, mkono usiporushwa kama kawaida, moshi ukitokea pembeni, unasimama. Unatoa magazini, unatoa kilichomo chembani, unaiacha wazi, unachungulia mtutu ukiona mwanga upande wa pili, au unapitisha fimbo ya kusafishia mpaka itokeze. Hakuna mashindano, hakuna mwalimu, hakuna mzee wa beji anayeweza kukutoa hapo. Kikiwa kimekwama, mpelekee fundi. Watu wanaojaribu kukitoa kwa kukipiga na risasi nyingine wapo, na wengine hawana vidole.

Kiwandani je? Ndiyo, kwa wastani ni salama zaidi, kwa sababu kuna vipimo vinavyokagua kila ganda na hakuna anayezungumza na mtu mlangoni. Lakini viwanda navyo huita risasi zirudishwe, kwa hiyo usitupe boksi lenye namba ya toleo. Na risasi ndogo za .22 ndizo zinazogoma zaidi, kwa sababu dawa ya kuwashia inasambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ikiangukia sehemu isiyo na dawa, kimya. Hata jeshi la Marekani lilipoipeleka bunduki ya M16 Vietnam miaka ya 1960, baruti ilikuwa imebadilishwa na kuwa tofauti na ile iliyotumika bunduki ilipofanyiwa majaribio, na chemba hazikupakwa kromu ya kuzuia kutu. Zikakwama mikononi mwa askari. Kwa hiyo "ya kiwandani" si hirizi. Kanuni yangu haibadiliki kwa zote mbili.

Mimi bado najaza. Niliuza ile mashine, sasa natumia ya hatua moja, inayofanya kazi moja tu kila ukivuta mpini. Maganda 50 yanasimama kwenye kibao chenye matundu, yote yana baruti kabla ya kichwa chochote kugusa kimojawapo, na napita na tochi nikitazama ndani ya kila ganda. Simu iko chumba kingine, mlango umefungwa.

Ila wewe hujafika huko. Ulisema baada ya ile "pufu" uliendelea, na kwamba Jumamosi unarudi kiwanjani na risasi zile zile za rafiki yako. Umechungulia mtutu? Nenda sasa hivi, hakikisha haina risasi, uangalie kama kuna pete kwenye chuma, halafu urudi hapa utuambie. Na mpigie rafiki yako avunje hizo risasi zote.