Kupiga njiwa kwenye banda la ng'ombe wa maziwa

Njiwa wanapohamia kwenye banda la ng'ombe, hasara haiishii kwenye nafaka wanayokula. Kinyesi chao huangukia chakula kilichokwisha kumwagwa horini pamoja na maji ya kunywa, na humo ndimo vimelea kama salmonela hupata njia ya kuingia kwa mifugo. Ninafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa katika kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na jukumu la kuwapunguza ndege hao ni langu. (Kwetu Tanga njiwa hufugwa kwa mapenzi, na mama yangu bado hanielewi ninapomsimulia kazi hii.)

Kwa upande wa sheria, hapa mtu mzima hahitaji cheti kumiliki bunduki ya upepo yenye nguvu isiyozidi takribani jouli 16, ingawa akivuka mpaka kuingia Uskoti atakihitaji. Kumpiga ndege ni suala jingine kabisa. Ndege wote wa porini wanalindwa na sheria ya mwaka 1981, na njiwa wa aina hii, yaani wazao wa njiwa wa kufugwa waliogeuka kuwa wa porini, hupigwa chini ya leseni ya jumla, ambayo huiombi wala huilipii, lakini masharti yake yanakubana kana kwamba uliiomba: lazima pawe na madhara makubwa unayoyazuia, na lazima uwe umejaribu kwanza njia zisizoua. Sharti hilo nalikubali kwa moyo wote, kwa kuwa ukipiga njiwa huku chakula kikiwa wazi na madirisha hayana wavu, unawaachia nafasi wengine waje. Angalia pia unampiga nani. Columba oenas, njiwa wa porini mwenye macho meusi anayefanana sana na hawa wa mabandani, hamo katika leseni hiyo, na njiwa mwenye pete mguuni huenda ni mali ya mfugaji wa njiwa wa mashindano.

Sasa ng'ombe wenyewe. Mimi hupiga wakati wa kukamua tu, ng'ombe wakiwa wamehamishiwa chumba cha kukamulia na banda likiwa tupu, na kabla ya kuanza huwaambia wanaokamua kwamba nimo ndani, ili mtu asimrudishe ng'ombe wala asikatize nyuma ya ukuta. Ng'ombe huzoea mlio hafifu wa bunduki yenye kizuia sauti, lakini farasi hawazoei kirahisi, na kuku waliofungiwa wakishtuka hukimbilia kona moja na kulaliana mpaka wengine wakafa kwa kukosa hewa. Karibu na banda la kuku, basi, bunduki ikae kabatini.

Kabla ya kumtazama njiwa, tazama kilicho nyuma yake. Njiwa hupenda kutua juu ya boriti za chuma chini ya paa, na mapaa mengi ya zamani ya mashamba ya huku ni ya saruji yenye asbestosi, kwa hiyo risasi iliyomkosa ndege inaweza kutoboa paa na kuangusha vumbi ambalo hakuna mtu anayetaka kulivuta. Ikigonga boriti au sakafu ya zege, inaweza kudunda na kuelekea usikokutarajia, na ndiyo maana navaa miwani ya kinga hata kwa shabaha ya karibu. Kwa kawaida hungoja ndege ashuke atue mbele ya rundo la marobota ya nyasi kavu, ambayo humeza risasi bila kuirudisha, na shabaha iliyo zaidi ya mita 30 naiacha. Wanaonitazama husema nawaacha wengi waende zao, na ni kweli.

Jambo ambalo wapigaji wengi hawalifikirii ni kile kinachobaki horini baada ya wao kuondoka. Madini ya risasi, ambayo ndiyo hutengenezewa risasi nyingi za bunduki, ni sumu kwa ng'ombe, hasa ndama, ambao hupofuka, husaga meno na kupata degedege, na asidi ya saileji (majani yaliyochachushwa kuwa chakula cha mifugo) huyayeyusha madini hayo taratibu. Ng'ombe walioathirika hawaruhusiwi kutoa maziwa wala nyama kwa ajili ya kuuzwa hadi kiwango katika damu yao kishuke. Hii ndiyo sababu ya kutoruhusu bunduki ya marisau juu ya chakula au malisho, kwani katriji moja ya kawaida hutawanya vipande zaidi ya 200 ambavyo huwezi kuviokota. Kwa bunduki ya upepo, funika chakula kwa turubai au piga kabla hakijamwagwa, na ukiweza tumia risasi za bati.

Mzoga ni hatari kuliko hata hiyo. Njiwa aliyejeruhiwa akaenda kufia ndani ya saileji, kisha akasagwa na mashine ya kuchanganya chakula, anaweza kusambaza sumu ya botulizimu kwa kundi zima: ng'ombe hulegea miguu, hushindwa kuinuka, na wengi hufa. Kwa hiyo nahesabu kila ndege aliyeanguka, namtafuta hadi juu ya marobota, na mashine ya chakula haiwashwi mpaka hesabu itimie. Asipopatikana, chakula kilicho chini ya eneo alilopigiwa tunakifukua kwa uma na kukikagua, hata kama ng'ombe wamekwisha kukamuliwa na wanalia mlangoni.